Ukipigwa Kisu Mara ya Pili

Wiki ya tano baada ya upasuaji wangu wa pili nilikwenda kwenye khitma, nikapakuliwa pilau. Nilichota kijiko, nikatafuna kidogo, nikameza. Cha pili nacho kikapita. Cha tatu kilikuwa na kipande cha nyama kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na hicho kikasimama katikati ya kifua. Hakikushuka, hakikurudi. Nikanyanyuka taratibu, nikaenda kujibanza nyuma ya jiko, kanga mdomoni, natema mate ambayo nilikuwa nashindwa hata kuyameza, wifi yangu akinipepea na kuniuliza kama aite gari. Kilishuka baada ya dakika 40 hivi. Nilikuwa nimelowa jasho mgongo mzima.

Kosa langu siku ile lilikuwa la hesabu. Miaka sita kabla ya hapo, baada ya upasuaji wa kwanza, wiki ya tano nilikuwa nakula pilau bila wasiwasi. Basi nikaichukua kalenda ile ya zamani nikaifuata tena, kana kwamba mwili nao ulikuwa uleule. Wewe uliyerudi kufanyiwa upasuaji wa henia ya kiwambo na asidi inayopanda, au wewe unayemuuguza aliyerudi, nakuomba jambo hili kabla ya mengine yote: usijipime kwa mara ya kwanza. Huu ni upasuaji mwingine, juu ya mwili ulioguswa tayari, na una mwendo wake.

Kiwambo ni ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Umio unapita kwenye tundu la kiwambo kwenda kuungana na mfuko wa chakula. Tundu hilo likilegea, sehemu ya juu ya mfuko hupanda kifuani, na mlango wa kuzuia asidi unashindwa kufunga vizuri. Hicho ndicho chanzo cha kiungulia kisichokwisha, cha kuamka usiku na maji machungu kooni, cha kikohozi ambacho kila mtu anadhani ni kifua kibovu. Daktari wa upasuaji huushusha mfuko mahali pake, hulikaza tundu kwa nyuzi, kisha huizungusha sehemu ya juu ya mfuko kwenye shingo ya umio kama mtu anavyojifunga skafu. Akizungusha mduara mzima, njia hiyo inaitwa Nissen. Akiacha upande mmoja wazi, mara nyingi inaitwa Toupet. Rudolf Nissen alikuwa daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler. Mwaka 1936, akiwa Istanbul, alimfanyia upasuaji kijana mwenye kidonda mwishoni mwa umio, akaukunja mfuko kuzunguka mshono ili kuulinda. Miaka ikapita, akagundua kwamba kijana yule hakusumbuliwa tena na kiungulia. Mwaka 1956 alichapisha maelezo ya upasuaji huo kama tiba ya asidi, na ndio ambao watu wengi wameupitia tangu hapo.

Kwa nini upasuaji huu unaharibika? Mara nyingi nyuzi za kwenye kiwambo huachia na ile skafu yote hupanda kifuani. Nyingine huteleza ikashuka chini, nyingine ilifungwa kwa nguvu mno tangu mwanzo, nyingine hufunguka. Wapo pia ambao umio wao ni mfupi na ulikuwa ukivutwa muda wote. Utafiti uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wagonjwa 2,655 waliofanyiwa upasuaji huu kwa matundu madogo. 470 walirudiwa na asidi, na kati yao 77 walipasuliwa tena. Nakupa takwimu hizo kwa sababu nakumbuka nilivyojiona. Niliamini nimeharibu mwenyewe, nilinyanyua ndoo, nilikula vibaya, nilimkosea Mungu. Jirani mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Si ulishafanyiwa wewe?" Nikakosa jibu. Sasa ninalo: nilifanyiwa, nyuzi zikaachia, nikafanyiwa tena.

Ndani ya tumbo lililokwisha kupasuliwa kuna makovu. Viungo vimegandana, ini limeshikamana na mfuko, mfuko umeshikamana na kiwambo. Daktari anaanza kwa kubandua kidogo kidogo, anafungua kazi ya zamani, ndipo aanze mpya. Muda mezani ni mrefu zaidi, na hatari ya kutoboa umio au mfuko kwa bahati mbaya ni kubwa zaidi. Kuna neva iitwayo vegasi inayoteremka pamoja na umio, ambayo ndiyo huuamuru mfuko usage na kumwaga chakula kwenda chini. Katikati ya makovu neva hiyo huguswa kwa urahisi, na ikiguswa mfuko unakuwa mzito, chakula kinakaa, tumbo linajaa kwa vijiko vinne. Uvimbe kwenye njia ya kumezea nao hukaa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Mimi niliambiwa nitegemee wiki 12 za kumeza kwa tabu, na zilikuwa 14.

Kitu unachokilinda wakati wote huo ni kimoja: nyuzi za pale kwenye kiwambo. Kila unapovuta pumzi, kifua huvuta kwenda juu na tumbo husukuma kwenda huko huko. Ukikohoa, ukitapika, ukijikamua chooni, ukiinua mzigo, msukumo huo huongezeka maradufu na wote unakwenda kugonga pale pale palipofumwa. Ukilielewa hili, masharti mengi uliyopewa hospitalini hutayaona tena kama orodha ya makatazo yasiyo na kichwa wala miguu.

Tuanze na kutapika, maana siku za mwanzo hakuna adui mkubwa kuliko huyo. Kabla hujaingia chumba cha upasuaji mwambie mtaalamu wa dawa za usingizi kwamba unarudia upasuaji huu, na kama safari iliyopita ulichafukwa ulipozinduka, mwambie pia. Kuna dawa za kuzuia kichefuchefu zinazotolewa mapema. Wodini, usingoje mpaka mate yajae mdomoni. Ukianza kuhisi tu, mwite sista. Sisi wanawake tumefundwa kuvumilia, na wodini tunaona haya kumsumbua muuguzi mwenye wagonjwa ishirini. Hapa msumbue. Ukirudi nyumbani nenda na dawa hiyo mkononi, usiseme utainunua ikihitajika, maana itahitajika saa nane za usiku.

Bega la kushoto au yote mawili yatauma siku mbili tatu, kama vile umelalia mkono. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi waliyokupulizia tumboni ili waone vizuri. Inasumbua kiwambo na maumivu yanajitokeza begani. Kutembea polepole ndani ya nyumba huyapunguza. Kutembea pia huzuia damu kuganda miguuni, kwa hiyo usikubali kulazwa kitandani siku nzima na ndugu wenye huruma.

Kwa kikohozi, weka mto karibu. Ukihisi kinakuja, ukumbatie mto kwa nguvu tumboni kisha kohoa. Vivyo hivyo kwa chafya. Choo kigumu kizuie kabla hakijaanza. Dawa kali za maumivu, tramado ikiwa mojawapo, hufunga choo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha siku ileile unayopewa tramado, kunywa maji mara kwa mara, na papai likiruhusiwa lisikose. Na tafadhali usiende duka la dawa kujinunulia diklofenaki kwa sababu mshono unauma. Dawa za jamii hiyo huchubua mfuko wa chakula, na mfuko wako umetoka kushonwa. Vidonge vikubwa navyo vitakwama, kwa hiyo uliza kama kuna vya maji. Usisage kidonge chochote bila kumuuliza mfamasia. Vingine vimetengenezwa viachie dawa polepole, na punje zilizomo ndani ya kapsuli ya omeprazo hazitakiwi kupondwa.

Chakula ndicho kilichonifanya niandike. Karatasi niliyotoka nayo hospitalini ilitaja jeli, mchuzi wa viazi wa kizungu na biskuti za maziwa. Ilikuwa imenakiliwa kutoka kwingine. Haikutaja ugali hata mara moja.

Kwa wiki ya kwanza au mbili ni vya maji vitupu: maji, supu iliyochujwa, maziwa, uji mwembamba uliopita kwenye kichujio, maji ya dafu. Uji mtupu utakudhoofisha, kwa hiyo uongezewe nguvu kwa maziwa ya unga, au karanga zilizosagwa zikawa laini kama losheni, au mtindi baada ya kuepuliwa. Utapungua kilo kadhaa. Wengi wetu hupungua, na mara nyingi zinarudi. Mama mkwe wangu, mtu wa Machame, alihamia kwangu na sufuria yake. Kila siku alipika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, akausaga kwenye blenda mpaka nyama isionekane, akauchuja, akauongezea supu. Nilikuwa nakula nusu kikombe mara sita kwa siku. Sahani tatu za kawaida zisahau kwa miezi kadhaa, ni vikombe sita vidogo, na cha mwisho kiwe saa tatu kabla ya kulala.

Baadaye, daktari akikuruhusu, unaingia kwenye vyakula laini: viazi vilivyopondwa, boga, parachichi, ndizi mbivu, yai la kuvurugwa, samaki aliyechambuliwa miiba na kulowanishwa mchuzi. Hapa kwa mara ya kwanza nilikaa wiki mbili. Mara ya pili nilikaa saba. Sikuibiwa kitu kwa kukaa huko.

Ugali una tatizo lake. Tazama mtu yeyote anavyokula: ugali hatuutafuni, tunaumeza. Tonge linafinyangwa, linachovywa, linateleza. Umekuwa ukifanya hivyo tangu utoto, na koo lako limezoea kulipokea donge zima. Sasa donge hilo linafika kwenye mlango uliovimba, wenye upana mdogo, na kwa sababu ni zito na linanata, linakaa kama kizibo. Mkate mweupe ni vivyo hivyo, unageuka kinyunga mdomoni. Chapati, wali mkavu, nyama ya kuchoma na kifua cha kuku vimo katika kundi hilo. Hivi viwe vya mwisho kurudi, na vikirudi virudi kimoja kimoja, nyumbani, ukiwa umekaa wima na huna haraka. Mimi nilianza ugali wiki ya 15, ulioivishwa mlaini, kwa mlenda. Mlenda ulinisaidia sana kwa utelezi wake. Kila tonge lilikuwa sawa na punje ya maharage, nikilitafuna mpaka liwe uji, nikiweka mkono chini kabla ya kuchota lingine. Sikuzungumza mezani. Ukizungumza unameza hewa, na hewa ukiimeza kwa sasa ni vigumu kuitoa.

Watu wengi hawaambiwi hili mapema: skafu mpya inazuia asidi kupanda, lakini inazuia na mbweu. Soda, bia na kila kinywaji chenye gesi vinaingia na havitoki, tumbo linajaa kama ngoma. Mrija na bazoka vinakumezesha hewa. Kuna jambo la hatari zaidi ambalo tunalifanya bila kufikiri: kiungulia kikitushika tunatia magadi kwenye maji, au unga ule wa kutoa povu unaouzwa kila duka, tunakunywa. Povu lile ni gesi. Kwa mtu ambaye hajafungwa, atapiga mbweu na kupata nafuu. Wewe uliyefungwa gesi hiyo itakutanua kwa ndani, karibu na mishono mipya. Magadi na unga huo viondoke jikoni, na jamaa waelezwe kwa nini.

Chai nayo isiwe ya moto. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto kuzidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, na ugonjwa huo ni mwingi kwetu Afrika Mashariki. Wewe una sababu mbili za kusubiri chai ipoe.

Kitu kikikwama, kama kilivyonikwama mimi kwenye khitma, acha kula hapohapo. Simama, tembea kidogo, pumua polepole. Usishindilie kwa maji mengi wala tonge lingine la kusukumia. Wala usijitie kidole utapike. Vingi hushuka vyenyewe. Lakini kama mate hayapiti na saa zinakwenda, hilo ni la hospitali usiku huohuo. Hospitali pia kama una homa, moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa, kifua au tumbo linauma kwa namna mpya na kali, unakosa pumzi, unatapika bila kukoma, choo kimekuwa cheusi kama lami, au mguu mmoja umevimba na kuuma. Wiki ya kwanza baada ya kurudia upasuaji, moyo kwenda mbio bila sababu usiupuuze hata kama maumivu ni madogo. Unaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya tundu linalovuja. Usianze na zahanati ya mtaani isiyojua ulichofanyiwa kama unaweza kufika kwa waliokupasua.

Mizigo ni pale ambapo kaya nzima inatakiwa ielewe. Daktari alisema nisinyanyue kitu kinachozidi kilo 5 kwa miezi mitatu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 au 10, na atakunyooshea mikono. Kaa chini, apande mwenyewe mapajani. Kuinama kupiga deki, kufua kwa mikono, kutwanga, kuinua sufuria ya maharage jikoni, vyote hivyo vina mtu mwingine wa kuvifanya, na kama hayupo, atafutwe na kulipwa. Ni nafuu kuliko upasuaji wa tatu. Kwa wanaume, maumivu yakiisha wiki ya tatu ndiyo huanza kujiona wamepona na kushika jembe au kurudi kwenye bodaboda. Maumivu kuisha si nyuzi kushika. Kwa sisi tunaoswali, rukuu na sijda zinaubana mfuko na kuinamisha kichwa. Niliswali juu ya kiti kwa ishara kwa miezi minne, kama dini ilivyomruhusu mgonjwa, na Ramadhani ile sikufunga. Iliniuma. Nililipa siku zangu mwaka uliofuata baada ya daktari kuniruhusu.

Kitanda kiinuliwe upande wa kichwani, matofali chini ya miguu miwili, kama sentimita 15 hadi 20. Mito mingi haitoshi kwa sababu inakukunja kiunoni na kuongeza msukumo uleule tunaoukimbia.

Ukipata kiungulia tena mwezi wa pili, utaanguka moyo. Mimi nililia kwenye daladala. Lakini baada ya upasuaji, siyo kila moto wa kifuani ni asidi. Inaweza kuwa uvimbe, gesi, mfuko unaochelewa kumwaga. Wapo wanaorudia omeprazo kwa miaka kumbe wakipimwa asidi yao haipandi kabisa. Kwa hiyo pimwa kwanza: kamera, ile picha ya eksirei unapokunywa dawa nyeupe ya bariamu, na kipimo cha asidi ndani ya umio. Na kama vipimo vinaonyesha unahitaji dawa, ziandikwe, uzinywe bila kuona aibu. Njia ya kumezea ikigoma kufunguka baada ya miezi mitatu, kuna kuitanua kwa puto kupitia kamera, na mara nyingi haihitaji kisu.

Nyaraka zako zishike kama hati ya kiwanja. Nilipokwenda kwa upasuaji wa pili, hospitali ya kwanza haikulipata faili langu. Daktari mpya aliingia bila kujua mwenzake alizungusha mduara mzima au nusu, alitumia nyuzi zipi, kama aliweka wavu. Yote hayo aliyagundua mle ndani, na kila dakika ya kugundua ilikuwa dakika yangu mezani. Kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, omba ripoti ya upasuaji, ile yenye maelezo ya kilichofanyika, wala usiridhike na cheti cha kuruhusiwa peke yake. Ipige picha kwa simu, nakala nyingine akae nayo ndugu. Anza daftari pia: ulikula nini, saa ngapi, kilikwama au kilipita, uzito wako kila Jumatatu. Kliniki daktari ana dakika kumi tu na wewe, na daftari linasema haraka kuliko mdomo. Langu ndilo lililomwonyesha daktari kwamba nilikuwa najaa kwa vyakula vya mafuta tu, akabadilisha dawa, na wiki mbili baadaye nikawa namaliza kikombe.

Wauguzaji, neno "kula upate nguvu" liacheni kwa miezi mitatu. Mgonjwa wenu anatamani kula kuliko mnavyotamani yeye ale. Kaeni naye mezani, nanyi mle polepole.

Mama mkwe alirudi Machame mwezi wa sita. Akija kunitembelea bado anapika mtori siku ya kwanza, ila blenda haiombi tena. Anauponda kwa mwiko tu, anaacha nyama na vipande, kisha anakaa kiti cha mbele yangu mpaka nimalize.